Sheli ya pampu mbili: jinsi ya kupanga shifti na kulipa kwa saa bila kupigwa chenga na hesabu

Nilianza kama muuza mafuta kabla sijapewa usimamizi, kwa hiyo haya mambo nimeyaona kutoka pande zote mbili za pampu. Mabosi wengi wa sheli hapa Tanzania wana mtindo mmoja tu, 12 kwa 12, wawili mchana wawili usiku, mshahara flati mwezi mzima, basi. Halafu wanashangaa vijana hawamalizi miezi mitatu.

Kabla hujagusa ratiba tafuta kwanza bei ya saa moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka masaa ya kawaida yasizidi 45 kwa wiki, siku moja yasizidi 9, na siku za kazi mwisho 6. Mwezi wanauhesabu kuwa wiki 4.333, kwa hiyo kwa masaa 45 mshahara wa mwezi unagawa kwa 195. Tuseme unalipa 312,000 (cheki kwanza kima cha chini cha sekta yako, maana hubadilika), saa moja ni 1,600. Kila kitu kinachofuata kinatoka kwenye hiyo 1,600.

Sasa watu. Pampu mbili, masaa 24, shifti tatu: saa 12 asubuhi mpaka saa 8 mchana, saa 8 mpaka saa 4 usiku, saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Hizo ni shifti 42 kwa wiki, kila mtu anafanya 6, unahitaji watu 7. Bosi akisikia 7 anaruka, anasema mimi na 12 kwa 12 natumia wanne. Haya twende tukahesabu. Masaa 12 toa saa moja ya chakula ni 11, hata ukiwapa siku 6 tu (wanne kwa shifti 28 ni siku 7 kila mmoja) ni 66, yaani ovataimu 21 kila wiki, wiki nne ni 84 wakati sheria inaruhusu 50 tu, kwa hiyo hata ukilipa bado umevunja. Kuna njia halali ya kufanya masaa 12 bila ovataimu, mnakubaliana kwa maandishi, masaa ya kawaida yanabaki 45 na siku zisizidi 5. Kwa 11 kwa siku mtu anafanya siku 4, shifti zako ni 28 kwa wiki, gawa kwa 4... 7 wale wale! Kumbe kwa hao watatu hukuwa umeokoa kitu, ulikuwa unawaibia wale wanne usingizi wao.

Mapumziko ndo panapoharibika. Mtu akifanya kazi zaidi ya masaa 5 mfululizo anatakiwa saa nzima ya kupumzika, na hiyo saa si lazima uilipe kama kweli ameachwa huru. Ukimwambia kula hapo hapo kibandani huku unaangalia gari, hiyo ni kazi, ilipe. Shifti ya masaa 8 bila pumziko la kweli mara 6 ni 48, tayari una ovataimu 3 kila wiki, na ovataimu ni mara moja na nusu, yaani 2,400 kwa saa. Mimi usiku nawapanga mmoja anapumzika saa 7, mwenzake saa 8, na anayepumzika pampu yake inafungwa kabisa, hakuna kumshikia mwenzako. Sababu ntaisema chini.

Kuzungusha watu, zungusha kwenda mbele, asubuhi halafu mchana halafu usiku. Usimtoe mtu saa 4 usiku ukamrudisha saa 12 asubuhi, hayo ni masaa 8 tu na sheria inataka 12 kati ya kazi na kazi, na hapo hujatoa muda wa daladala. Kila wiki pia apate masaa 24 mfululizo ya kukaa kwake. Ukimuita siku yake ya mapumziko, au sikukuu ya serikali, saa ni mara mbili, 3,200.

Usiku kisheria unaanza saa 2 mpaka saa 12 asubuhi na kila saa inaongezwa asilimia 5, kwa mfano wetu 80. Hapa wengi wanawasahau watu wa shifti ya mchana, wanaotoka saa 4 wana masaa mawili ya usiku kila siku, 160. Hela ndogo lakini kijana akija kuigundua mwenyewe ndo anaanza kukagua na mengine yote. Ovataimu ikiangukia usiku, ile 5 unaipigia kwenye 2,400, inakuwa 2,520.

Haya, shoti, yaani hela ikipungua na mita inavyosema. Nikiwa muuza mafuta, sheli moja nilipewa bahasha mwisho wa mwezi ndani kuna elfu arobaini, na karatasi ndogo imeandikwa kwa peni nyekundu "shoti", hakuna tarehe hakuna pampu. Tulikuwa wawili tunauza pampu moja, hela zinaingia mkoba mmoja, nani amepoteza mnajuaje? Ndo maana nikasema usishikiane pampu. Mtu mmoja, pampu moja, mkoba mmoja. Wanaoachiana wanasoma mita pamoja, wanaandika namba kwenye daftari, wanasaini wote wawili kabla anayetoka hajavua koti. Ikitokea shoti muandikie, mpe nafasi ya kujieleza, ionekane ni uzembe wake kweli, na iwe alishakubali makato ya namna hiyo kwa maandishi. Hata hapo makato yasipite robo ya mshahara, kwa 312,000 mwisho ni 78,000, ikibaki inasogea mwezi unaofuata.

Hati ya mshahara itenganishe mistari: masaa ya kawaida, ovataimu, nyongeza ya usiku, siku za mara mbili, NSSF, makato mengine na sababu yake. Ratiba mimi nabandika wiki mbili kabla, mlangoni kwa ndani. Kubadilishana shifti ruksa, ila waandike daftarini wote wawili, na hakuna kuunganisha mbili hata kama mwenzako ana msiba, nipigie simu ntakuja kushika pampu mwenyewe.