Kabla ya kukata kopa: maandalizi ya kujenga kichwa kidogo cha treni ya mvuke ukiwa Tabora

Kichwa cha treni cha mvuke chenye urefu wa sentimita 30 kinajengeka kwenye karakana ya nyumbani. Kinachokwamisha wengi ni mpangilio wa kazi. Mtu anaanza na magurudumu kwa kuwa yanapendeza, fremu inasimama mezani, halafu boila (tangi la kuchemshia maji yawe mvuke) inakosa nafasi au kopa yake, yaani shaba nyekundu, haipatikani mjini. Anza na boila na vitu vinavyoagizwa mbali. Magurudumu yatasubiri.

Amua upana wa reli. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ina upana wa mita moja. Gawa kwa 22.5 upate milimita 44.4, reli ya mfano ya milimita 45 ndiyo inayotumiwa sana na wajenzi wa vichwa vya ukubwa huu, kwa hiyo skeli ya 1:22.5 inatuangukia vizuri. Reli hiyohiyo ya mfano ukiihesabu kwa 1:32 inakuwa SGR, reli mpya ya milimita 1,435, lakini huko ni umeme, hakuna cha kuchemsha. Chagua kichwa cha magurudumu manne, aina ya kile cha kupangia mabehewa stesheni. Kati ya mgongo wa gurudumu moja na mwenzake pawe milimita 40. Ekseli nzuri za milimita 6 au 8 zimo ndani ya printa mbovu: zile fimbo laini ambazo kichwa cha wino huteleza juu yake.

Sasa boila. Vipimo vya kuanzia ni bomba la kopa la kipenyo cha nje milimita 54, urefu milimita 200, ukuta milimita 1.5, presha ya kazi bar 3. Bomba la maji lenye ukuta wa 1.2 linakubalika kwa presha hiyo; jembamba zaidi liache. Mabomba ya friji ni madogo mno kwa boila, ila yanafaa kupitisha mvuke. Ukuta wa duara hauna shida kubeba bar 3. Shida iko kwenye vifuniko vya mwisho: kila kimoja kinasukumwa na nguvu ya karibu kilo 62. Ndiyo sababu kifuniko hakikatwi bapa na kubandikwa. Hukunjwa ukingo wa milimita 6 hadi 8 kwa kugongwa juu ya kibao kigumu (mninga unatosha), na ufito wa bronzi wa milimita 5 hupitishwa ndani kutoka kifuniko hadi kifuniko. Kopa hukakamaa kwa nyundo. Kila inapokuwa ngumu, ipashe hadi wekundu hafifu, izamishe majini, uendelee. Anayeharakisha hapa hupata ufa kwenye kona ya ukingo, na ufa huo hauonekani mpaka presha iutafute.

Bushi zote za boila, yaani pete nene zenye nyuzi ambamo vifaa hufungwa, ziwe za bronzi, si brasi. Maji ya moto huitoa zinki ndani ya brasi kidogo kidogo, na bushi hubaki imejaa vitundu, haina nguvu. Kwenye skrapa utaona pia bushi za feni na mota ndogo, zile zinazonyonya oili. Ziache, lehemu haishiki humo. Nyuzi ziwe M10×1 (kipenyo milimita 10, hatua milimita 1), maana ndizo nyuzi za nati za mabomba ya breki: tapu yake, chombo cha kukatia nyuzi za ndani, hupatikana kwa wauza spea, na washa za kopa ziko dukani hapohapo.

Lehemu laini ya redio inayeyuka karibu nyuzijoto 183, na mvuke wa bar 3 una nyuzijoto 144. Tofauti hiyo ni ndogo. Maji yakiisha moto ukiwa unawaka, kifuniko kinang'oka. Iache kwa matangi na kibanda cha dereva. Boila inataka lehemu ya fedha ya asilimia 55, inayoyeyuka kati ya 630 na 660, pamoja na flaksi yake, dawa ya kusafisha kiungo ili lehemu ishike. Soma pakiti: yenye kadimiamu usiinunue, moshi wake unaua mapafu. Fimbo za mafundi friji, zenye kopa na fosforasi, zinaunga kopa kwa kopa bila flaksi na zinafaa kama moto wako ni wa spiriti. Kwenye makaa ya mawe salfa huzila, na kwenye chuma kiungo kinakuwa cha kuvunjika tu.

Joto nalo lipangwe mapema. Kopa inakimbiza joto, na tochi ndogo ya fundi friji itakesha bila kuifikisha boila hii panapotakiwa. Jenga kizimba cha matofali ya kuchoma, zungushia mkaa uliowaka na upepo wa mvukuto, kisha tochi imalizie kwenye kiungo. Fanya kazi kivulini, maana juani wekundu hafifu hauonekani.

Injini ipite haraka: silinda mbili za kuyumba, tundu milimita 12, mwendo wa pistoni milimita 18. Hazina valvu za kupangilia, na fundi yeyote wa kukereza anazimaliza ukimpa mchoro na kumsisitiza kuwa tundu limalizwe kwa rima, kifaa cha kulainisha tundu kwa kipimo kamili. Ringi za mpira wa kawaida hukauka kwa joto hili. Tepu nyeupe ya mafundi bomba, ikisokotwa kuwa uzi, inaziba vizuri.

Moto uwe wa spiriti. Gesi ya jikoni ina propani ambayo, kwenye joto la Oktoba, hufikisha presha mara kadhaa ya ile ya boila yenyewe, kwa hiyo usiijaze kwenye kitangi cha kujitengenezea. Mwali wa spiriti hauonekani mchana, basi ndoo ya maji iwe karibu. Boila hii inabeba kama mililita 300 za maji. Tangi la spiriti lisizidi mililita 80, ili moto uishe kabla ya maji. Maji ya kisima huacha magadi. Kinga ya mvua baada ya bati kuoshwa na mvua za kwanza za Novemba, au nunua maji ya betri, ukihakikisha hujapewa asidi.

Valvu ya usalama na geji ziagizwe au zitengenezwe kabla ya fremu. Goroli ya beringi ya kawaida hushika kutu na kuganda kwenye kiti chake; tafuta ya stenlesi. Kiti chenye tundu la milimita 4 kwa bar 3 kinahitaji springi ya kusukuma gramu 385, na unaweza kuipima kwenye mizani ya jikoni. Geji ya matairi haifai. Geji ya mvuke nayo ikae kwenye bomba lililojikunja, maji yabaki humo, mvuke usiiguse.

Jaribio la kwanza ni maji baridi kwa bar 6, kamwe si hewa: hewa iliyobanwa hurusha vipande, maji huvuja tu. Masta silinda ya breki iliyooshwa inatosha kusukuma, taratibu, kwa kuwa tone moja hupandisha presha sana. Toa hewa yote kwanza. Ikishikilia nusu saa bila kutoa jasho wala kutuna, washa moto boila ikiwa peke yake, bomba la mvuke limefungwa. Geji isipite 3.3. Ikipita, tundu la valvu ni dogo. Lipanue hadi milimita 5, na springi ipimwe upya kwa gramu 600.