Baji: jicho lisomwe kabla halijageuka

Juzi kijana mmoja wa Kihonda alinijia na kitundu kimefunikwa kanga. "Shikamoo Daktari. Nimepata falo, dume na jike." Falo ni rangi adimu ya baji, wale kasuku wadogo wa kufugwa, na alikuwa amelipa karibu mara nne ya bei ya baji wa kawaida. Nilimpeleka dume kwenye kivuli cha mwembe, nikamgeuza kichwa. Michirizi ya mabawani ilikuwa ya kahawia, kweli kabisa. Lakini jicho lilikuwa jeusi, na duara jeupe limeizunguka mboni. Huyo ni mdalasini, rangi nyingine ya baji inayofanana na falo. Ndege mzuri, wala si adimu. Jike naye vilevile.

Si yeye peke yake. Kila msimu wafugaji wananiletea mdalasini waliouzwa kama falo, na wengine wanauza bila kujua kwamba wanadanganya. Kosa ni lilelile: wanangoja kinda aote manyoya, afike wiki ya sita, ndipo wanaanza kubishana kuhusu rangi. Hapo mmeshachelewa. Falo na mdalasini wote wawili weusi wa manyoya yao umegeuka kahawia, kwa hiyo bawa halitakupa jibu la uhakika. Jibu liko kwenye jicho, na siku za kulisoma vizuri ni chache.

Kinda wa baji huanguliwa kope zimefumba, ngozi nyembamba, na rangi ya jicho inaonekana kupitia kope. Baji wa kawaida utaona doa jeusi. Mdalasini utaona rangi ya zambarau lililoiva, si jeusi na si jekundu. Ino, yaani lutino wa manjano na albino mweupe, ni wekundu wa wazi kabisa. Zambarau la mdalasini hukolea siku hadi siku, na likimaliza wiki moja hivi huwezi tena kulitofautisha na la kawaida. Falo jicho lake hubaki jekundu maisha yake yote. Kwa hiyo angalia siku ya 1, ya 3 na ya 5, kisha rudi siku ya 10. Lililokuwa zambarau likawa jeusi ni mdalasini. Lililobaki jekundu kwa ndege mwenye michirizi ya kahawia, hapo tuzungumze.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoharibu hesabu. Jike hutaga yai moja kila baada ya siku mbili hivi na huanza kulalia mapema, kila yai likichukua siku 18 hivi. Maana yake makinda watano hawazaliwi pamoja: wa kwanza anaweza kuwa na siku 8 wakati wa mwisho ndiyo kwanza anatoka kwenye ganda. Wewe unafungua kisanduku Jumapili, unaona macho meusi mawili na zambarau matatu, unaandika "watatu mdalasini". Hujui kama wale wawili wakubwa walikuwa zambarau wiki iliyopita! Kila kinda ana kalenda yake. Andika hivi: kisanduku 3, kinda wa 2, siku ya 3, jicho zambarau. Ukubwa wao umepangana kama ngazi, hutawachanganya ukiwaangalia kila siku. Mshike nusu dakika, mikono imeoshwa, mama akiwa ametoka kula. Usikae naye ukipiga picha za kutuma kwa marafiki.

Na tochi ya simu iacheni. Ukimmulika mdalasini mkubwa kwa mwanga mkali, jicho hutoa wekundu kidogo, na huo ndio wekundu mnaoonyeshwa dukani jioni. Mtoe ndege mchana, kivulini. Muuzaji akikataa, rudi na hela zako.

Wengine hukosea kwa upande wa mbegu, yaani urithi wa rangi. Mdalasini hurithiwa kwa kufuata jinsia: jike anaionyesha au hana kabisa. Jike "anayebeba mdalasini kwa siri" hayupo duniani, msimnunue. Dume ndiye anayeweza kuibeba bila kuonekana. Ndiyo maana wazazi wawili wa kawaida wakipata kinda wa jicho zambarau, huyo ni jike, umemjua jinsia siku ya kwanza. Falo haifuati jinsia, lazima baba na mama wote wawe na mbegu. Kwa hiyo kama una dume uliyeuziwa kwa jina la falo na bado una shaka, mpandishe kwa jike wa kijani wa damu nyingine. Ikiwa ni mdalasini, binti zake wote watatoka na jicho zambarau kwenye uzao wa kwanza. Ikiwa ni falo wa kweli na jike hana mbegu hiyo, makinda wote watakuwa na macho meusi, na hilo lisikukatishe tamaa: wote wamebeba.

Weupe nao wana mtego wao. Baji mweupe mwenye jicho jeusi si albino hata akiwa safi kama theluji ya Kilimanjaro. Mara nyingi ni spango, aina nyingine ya baji, aliyepokea mbegu kutoka kwa wazazi wote wawili. Na dume wa albino ngozi ya juu ya mdomo, penye matundu ya pua, haigeuki bluu kama ya dume wa kawaida, hubaki ya waridi. Kuna mtu alikaa miezi na madume wawili kwenye kisanduku kimoja akingoja mayai, akidhani mmoja ni jike.

Daftari likikaa sawa, wanunuzi watakutafuta wenyewe.

Pete ya mguuni isiyofunguka ivikwe kati ya siku ya 5 na ya 8, na namba yake iandikwe palepale kwenye mstari wa yule kinda. Ukifika siku ya 12 na mguu haupiti, usilazimishe. Tumia pete ya plastiki ya kufungua, uandike tu kwamba ulichelewa.