Namna ya kuuhudhurisha moyo mbele ya Mwenyezi Mungu, katika utulivu na katika dhiki

Wengi wanaolalamika kwamba hawamhisi Mwenyezi Mungu karibu nao huzungumza kana kwamba Yeye ndiye aliyesafiri. Aya ya 16 ya Sura ya Qaf inatueleza kwamba Yeye yu karibu na mwanadamu kuliko mshipa wa shingo yake. Kwa hiyo aliyeghibu ni huyo anayelalamika, na kazi iliyopo ni kumrudisha. Masheikh wetu huiita kazi hiyo kuhudhurisha moyo, nami nitaieleza kama nilivyoizoea hapa Lamu mjini, katika nyumba yenye kelele za watoto ndani na za punda nje.

Kwanza chagua wakati. Fadhila ya thuluthi ya mwisho ya usiku inajulikana, lakini ni wachache wanaokaa wakaihesabu. Gawa mara tatu muda ulio kati ya Magharibi na Alfajiri: Magharibi ikiingia saa kumi na mbili na dakika ishirini, na Alfajiri saa kumi na moja, usiku huwa na saa kumi na dakika arubaini, na thuluthi yake ya mwisho huanza kiasi cha saa saba na nusu. Kwetu huku jua halibadiliki sana mwaka mzima, basi hesabu hiyo ukiifanya mara moja itakufaa kwa muda mrefu. Hulazimiki kuamka saa hiyo. Kwa anayeanza, robo saa kabla ya adhana inatosha, wakati ambapo hata punda wamenyamaza na kinachosikika ni maji yakigonga ukuta wa forodhani, pengine na muadhini akikohoa kabla ya kufungua kipaza sauti. Simu iache chumba kingine. Wapo wanaosema wanaitumia kuhesabia tasbihi. Mimi naona vidole vinatosha, tena havileti ujumbe.

Kisha utie udhu bila haraka, kwani moyo huanza kuhudhuria au kutoroka hapo. Katika mabirika yetu ya zamani, yaani matangi ya maji ya kutawadhia, huwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na mtu akichota maji kwa pupa, samaki hukimbilia pembeni na maji yakatibuka. Nilipokuwa mtoto mzee mmoja alinifundisha kuitia kata ya kuchotea majini polepole, ubavu kwanza, ili samaki wasishtuke. Nilidhani anawahurumia samaki. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba samaki walikuwa kipimo: wakitulia wao, nimetulia mimi.

Ukishamaliza, kaa juu ya msala na uchague dhikri moja tu. Sema Subhanallah mara 33, kila moja kwa pumzi yake, na usiiharakishe hii ili uifikie inayofuata. Ukigundua moyo umeshakwenda sokoni, urudishe bila kujikaripia, na uendelee palipokatika. Idadi ikitimia, nyamaza. Hapa ndipo wengi wetu huinuka, kama mtu aliyebisha hodi akaondoka kabla mlango haujafunguliwa. Kaa kidogo ukiwa na maana ya ile hadithi ya Jibrili kuhusu ihsani: umwabudu Mwenyezi Mungu kana kwamba unamwona, na ikiwa humwoni, basi Yeye anakuona. Sehemu ya pili ya maneno hayo ndiyo tegemeo la sisi wa kawaida, kwa kuwa haimdai mtu aone chochote. Inamtaka akubali kuonwa.

Usitarajie nuru wala sauti. Mara nyingi kinachotokea ni kidogo sana: kifua hulegea, au humjia mtu kumbukumbu ya jirani aliyemkosea na hamu ya kwenda kumtaka radhi kabla jua halijapanda. Naiamini zaidi dalili hii ya pili kuliko machozi, kwa sababu machozi hata utenzi mzuri huyaleta.

Wakati wa dhiki mambo hayaendi kwa utaratibu huo, na anayejaribu kuulazimisha hujiongezea majonzi. Miaka michache iliyopita mamangu aliugua ghafla usiku, ikaamuliwa apelekwe Mombasa, na kwa kuwa barabara huanzia Mokowe, upande wa bara, ilibidi tuvuke kwanza kwa boti. Maji yalikuwa yamekupwa, nahodha akapunguza mwendo akiogopa fungu la mchanga, na kazi yangu ilikuwa kuishikilia juu chupa ya dripu. Nilijaribu kusoma Yasini niliyoihifadhi tangu chuo cha Kurani, nikapotea katika aya za mwanzo. Nikarudi, nikapotea tena. Kilichobaki ulimini ni “Ya Latifu”, jina ambalo husomwa mara 129 wakati wa shida, kwa kuwa hiyo ndiyo jumla ya herufi za Latifu kwa hesabu ya abjadi, ambayo huipa kila herufi ya Kiarabu namba yake. Sikuhesabu. Mkono ulikuwa umekufa ganzi, nikawa naliita jina kila wimbi lilipoinua boti. Sikuhisi utulivu wowote usiku ule, na sipendi kudanganya kwamba niliuhisi. Siku kadhaa baadaye, nikiwa nimeketi kwenye benchi nje ya wodi, ndipo nilipokumbuka kwamba ule mkono haukushuka hata mara moja.

Kwa hiyo dhiki ikikushukia, fupisha. Shika jina moja au sijda moja, kwani mja huwa karibu zaidi na Mola wake anaposujudu. Ukishatoa salamu, inua mikono ushitaki kwa lugha unayoiota, hata kama ni Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, cha jikoni. Nabii Yaakubu, katika aya ya 86 ya Sura ya Yusuf, anasema wazi kwamba sikitiko na huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Kulia si upungufu wa imani: Mtume alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahimu. Lakini huzuni ikikunyima usingizi na chakula kwa wiki kadhaa, nenda ukamwone daktari pia, wala usidhani kwamba kufanya hivyo ni kuitilia shaka dua yako.

Zitakuja vilevile siku za ukavu, ambapo huhisi lolote, na hazimaanishi kwamba umefukuzwa. Mtume mwenyewe alipitiwa na kipindi ambacho wahyi ulisita, hadi ikateremka Sura ya Dhuha kumwambia kwamba Mola wake hakumwacha wala hakumchukia. Siku hizo usiongeze nyiradi, yaani dhikri zako za kila siku, kwa hasira, wala usiziache zote. Punguza hadi kiasi usichoweza kukikosa, hata kama ni tasbihi kumi baada ya Alfajiri, uzisome mahali palepale kila siku. Mamangu, ambaye alirudi salama ingawa hawezi tena kukaa chini, husoma zake juu ya kiti dakani, kwenye ukumbi wa mlangoni. Mpita njia akimtolea salamu katikati, hubana kidole alichofikia, akaitika, akauliza habari za watoto mmoja mmoja, kisha akaendelea na kidole kilekile.