Namna ya kutengeneza na mtu uliyemkosea kabla ya kwenda Meza ya Bwana

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kabisa amemkosea nani, ameshamwomba Mungu msamaha kwa machozi, lakini hajafika mlangoni kwa aliyemkosea.

Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri huku Machame, Kilimanjaro. Kila Desemba, watoto wa nyumbani wanapopanda kutoka Dar es Salaam na Mwanza kwa ajili ya Krismasi, wazee tunaitwa kwenye vikao vya ukoo: mipaka ya vihamba (mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba), fedha za rambirambi ambazo hazikumfikia mjane, mibuni iliyong'olewa, maneno yaliyosemwa msibani yasiyosahaulika. Katika vikao hivyo nimewasikia watu wengi wakisema, "Mimi nilishatubu, Mungu alishanisamehe," na aliyeumizwa ameketi palepale, hajaulizwa chochote.

Kilichonisaidia sana katika kazi hii ni kujifunza jinsi Wayahudi wanavyotubu. Wengi wetu tunamjua Myahudi wa kwenye Biblia tu, kama vile watu hao waliishia kwenye Matendo ya Mitume. Wapo, na hata Arusha ipo jamii yao ndogo. Marabi, yaani walimu wao wa dini, wameendelea kufundisha toba miaka yote hii, na wameifikiria mpaka kwenye vitu vidogo ambavyo sisi tunavipita haraka.

Kwanza jua tunapotofautiana, ili usichanganye imani mbili ukadhani ni moja. Hekalu la Yerusalemu lilipokuwa bado limesimama, kuhani mkuu alifanya upatanisho kwa damu, kama tunavyosoma Mambo ya Walawi 16. Warumi walipoliharibu mwaka 70, Wayahudi walibaki bila madhabahu. Marabi wakafundisha kwamba toba ya kweli, sala na kuwatendea watu wema vinamrudisha mtu kwa Mungu, wakashika neno la Hosea, "Maana nataka fadhili wala si sadaka." Hawana fundisho letu la dhambi ya asili, na hawaoni haja ya mpatanishi. Mtu anarudi kwa Mungu mwenyewe, na Mungu anampokea.

Sisi tunakiri kwamba sadaka imetolewa mara moja kwa wote, msalabani, na hakuna toba inayoweza kuununua msamaha huo. Mimi naamini hivyo kwa moyo wangu wote na sitalegeza neno hata moja. Ndugu zetu Wakatoliki wa Kibosho na Kilema wanaupokea katika kitubio mbele ya padre. Sisi tunaungama pamoja mwanzoni mwa ibada, na anayetaka kuungama faraghani kwa mchungaji ana ruhusa. Luther mwenyewe, katika hoja ya kwanza kati ya zile 95 za mwaka 1517, alisema Bwana alitaka maisha yote ya waamini yawe toba.

Ila hapa kwenye neema ndipo wengi wetu tunapojificha. Tunasema Yesu ameshalipa, tukimaanisha na kahawa ya jirani tuliyoivuna ameilipa. Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi uliokamilika karibu na mwaka 200, inaufunga mlango huo: makosa kati ya mtu na Mungu, Siku ya Upatanisho, siku yao kuu ya kufunga na kuungama, huyafunika, makosa kati ya mtu na mwenzake, siku hiyo haiyafuniki mpaka amridhishe mwenzake. Myahudi anaweza kufunga saa 25 bila chakula wala maji, akavua viatu vya ngozi, akasimama katika sala tangu jioni mpaka jioni, na deni la jirani likabaki palepale. Sasa fungua Mathayo 5 usome Bwana Yesu anavyosema: "iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako." Katika jambo hili wanatufundisha kitabu chetu wenyewe.

Nitatumia mfano wa ndugu wawili niliowasikiliza. Mambo ya kuwatambulisha nimeyabadilisha. Mdogo alibaki nyumbani, mkubwa akawa kazini mbali. Mdogo akang'oa mstari wa masale, mimea ambayo Wachagga hupanda kuonyesha mpaka, akaupanda upya ndani ya kihamba cha kaka yake, akavuna migomba na mibuni ile miaka mingi. Baadaye akaokoka kwenye mkutano wa injili na kutoa ushuhuda kanisani, watu wakalia. Kaka yake, aliyekuwa likizo, alikuwepo ibadani siku hiyo. Hakuitikia amina.

Anza kwa kulitaja kosa kwa jina lake. Yule mdogo alipokuja kikaoni mara ya kwanza alisema, "Kaka, kama nimekukosea, nisamehe." Hilo "kama" liondoe. Ondoa pia "shetani alinipitia", ambalo kwetu huku ndilo la kwanza kutoka mdomoni. Maungamo ya Wayahudi ya Siku ya Upatanisho ni orodha ndefu ya tumekosa kwa hili, tumekosa kwa lile, na anayetajwa kukosa ni mtendaji. Maimonides, mwalimu wao mkubwa aliyefariki mwaka 1204 baada ya kuishi miaka mingi Misri, aliandika sheria nzima za toba, na anadai maungamo yatamkwe kwa mdomo, kosa litajwe. Kwa hiyo sema: "Kaka, niling'oa masale ya mpaka. Nilivuna kahawa yako. Nilimdanganya mama kwamba wewe uliniruhusu." Ni vigumu kumeza maneno hayo, najua, nimewaona wanaume wakubwa wakitetemeka. Endelea mpaka mwisho.

Kuna tahadhari moja. Ikiwa ulimsema mtu vibaya naye hajui, pima kwanza kama kumwambia kutamletea jeraha jipya ili wewe upate nafuu. Marabi wamelijadili hili bila kukubaliana wote. Mimi humshauri mtu aende kwanza kwa wale aliowaambia uongo huo, aufute mbele yao.

Kisha rudisha, na hapa usiwe na haraka, kwa sababu toba nyingi hufia hapa. Torati ina mpangilio wake: Mambo ya Walawi 6 inamtaka aliyedhulumu arudishe mali yote, aongeze sehemu ya tano juu yake, ndipo apeleke kondoo dume kwa kuhani. Mali inatangulia, kondoo anafuata. Kwa aliyeiba kondoo na kumchinja au kumuuza, Kutoka 22 inadai wanne, na Zakayo alijihukumu kwa kipimo hicho bila kusukumwa: "na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Bwana alitangaza wokovu katika nyumba ile baada ya maneno hayo. Hata Kanisa Katoliki linafundisha kwamba aliyeiba anapaswa kurudisha. Kitubio hakimwachii mali.

Kwa vitendo, chukua daftari. Kama ni kahawa, risiti za chama cha ushirika zinaonyesha kilo ulizopeleka na bei ya msimu. Kama ni ndizi, kaeni na majirani wawili wanaokijua kihamba mkadirie. Ikifika shilingi 500,000, ongeza sehemu ya tano, peleka 600,000. Huna? Sema huna, mwandikiane utalipa kiasi gani na lini, mzee mmoja atie sahihi. Ardhi irudi yote siku hiyohiyo, maana ardhi haina sababu ya kusubiri mshahara. "Na alaaniwe aondoaye mpaka wa jirani yake," inasema Kumbukumbu la Torati 27, na watu wote wanaambiwa waitikie amina. Yule mdogo alipanda masale upya kwa mikono yake pale yalipokuwa, mbele ya wanawe na wa kaka yake. Nilisisitiza watoto wawepo, kwa sababu wao ndio wangerithi ugomvi.

Sasa nenda kuomba. Maimonides anasema aliyekosewa akikataa, mkosaji arudi na rafiki watatu wamwombee, na akikataa tena, arudi hivyo mara ya pili na ya tatu. Baada ya hapo amwache, na kosa linahamia kwa aliyekataa. Ila kama uliyemkosea ni mwalimu wako, unarudi hata mara elfu. Mchagga anauelewa utaratibu huu bila kufundishwa. Kwetu mkosaji hutanguliza wazee na jani la sale, na anayeletewa sale anajua si kitu cha kukataliwa. Wapo watumishi wasiopenda sale, wakisema ni mambo ya mila. Mimi siwapingi mimbarani, lakini katika vikao nimeliona jani hilo likilainisha uso wa mtu aliyeapa hatasamehe. Ninachokataa ni sale kupelekwa badala ya kuilipa kahawa. Jani linafungua mazungumzo tu, deni lipo.

Wachukue watu watatu ambao aliyekosewa anawaheshimu. Marafiki zako watakutetea, na hukuja kutetewa. Usiende na kundi la maombi, kwa maana mtu aliyezungukwa na watu wanaoomba kwa sauti anaona aibu kukataa, na msamaha wa aibu hufumuka kabla ya Pasaka. Usiende wakati wa msiba. Usipige magoti barabarani ili watu wakuone.

Kwa upande wa anayeombwa, imani zote mbili zinambana. Maimonides anakataza kuwa mkatili kwa kukataa kusamehe. Bwana wetu anakwenda mbali zaidi: saba mara sabini, na msalabani anawaombea msamaha watu ambao hawajaomba kitu. Hapo nauona utajiri wa Injili. Mkristo anaweza kumwachilia mkosaji moyoni hata kama mkosaji hatakuja kamwe, na ninawajua kina mama wa huku kwetu waliokaa hivyo, bila uchungu, miaka mingi. Walimu wa Kiyahudi, kwa upande wao, husema hakuna anayeweza kusamehe kwa niaba ya mwingine, na neno hilo nalo nimelishika. Mchungaji hawezi kumsamehe mwizi kwa niaba ya mjane.

Lakini kusamehe hakumrudishi mtu kwenye hatari. Mama aliyepigwa na mumewe akasamehe, asilazimishwe na kikao kurudi nyumba ileile wiki hiyohiyo. Maimonides anatoa kipimo cha toba kamili: nafasi ileile ya kutenda kosa ikitokea tena, mtu akiwa bado na uwezo wa kulitenda, naye akajizuia kwa sababu ametubu, wala si kwa hofu au kwa kuishiwa nguvu. Kipimo hicho kinahitaji muda. Mpeni mama muda, na aliyepiga akubali kuangaliwa. Kama anakasirika kuangaliwa, toba yake haijafika.

Je, uliyemkosea ameshakufa? Maimonides anasema uwachukue watu kumi mpaka kaburini, useme mbele yao: nimemkosea Bwana, Mungu wa Israeli, na mtu huyu, nilimtendea hivi na hivi. Kama alikudai, unawalipa warithi. Kwetu wafu wetu wamelala vihambani, karibu na nyumba, kwa hiyo jambo hili linawezekana mchana wowote. Mkristo hamwombi marehemu kitu, naye Myahudi hapo anaungama kwa Mungu, watu kumi wakisikia. Waite watoto wa marehemu, taja kosa, wape kilicho chao, mwombe Mungu rehema kwa jina la Yesu. Kwa familia ambayo baba yao alikufa akidhaniwa mwongo, kusikia ukweli pale kaburini ni sehemu ya malipo.

Baada ya hayo, kama ulikuwa umetengwa na kanisa, nenda kwa mchungaji uandikishwe kurudi kundini, ukafike Meza ya Bwana. Kama umekataliwa mara zote tatu, mweleze mchungaji hivyo, umwambie na kilichorudishwa. Usikae nje ya Meza maisha yako yote kwa sababu ya moyo wa mtu mwingine. Yule kaka mkubwa alikataa mara mbili. Mara ya tatu alimuuliza mdogo wake swali moja tu, kama mama alikufa akijua ukweli. Mdogo akasema hapana. Wakaenda wote wawili kaburini kwa mama, na huko ndiko walikopeana mikono.

Jambo la mwisho ni tarehe. Wayahudi hujipa mwezi mzima wa Elul kabla ya Mwaka Mpya wao, kisha siku kumi mpaka Siku ya Upatanisho, na muda huo wote ni wa kutafutana. Sisi tuna Majilio na Kwaresima. Anayefika stendi ya Moshi tarehe 23 Desemba akitaka kila kitu kiishe kabla ya ibada ya mkesha hana nafasi ya kwenda mara tatu, na mara nyingi ya kwanza hukataliwa. Piga simu Novemba. Tafuta risiti, ongea na wale wazee watatu, tuma fedha ya kwanza kabla hujapanda basi.