Jinsi ya kuandaa orodha sahihi ya ajali za ndege zilizoua katika uwanja wa mkoa

Kabla ya kutafuta ajali hata moja, andika sentensi mbili juu ya karatasi: ajali yenye vifo ni ipi, na ajali ya uwanja huu ni ipi. Orodha nyingi huharibikia hapo. Mwandaaji hukusanya matukio kwa miezi, kisha anagundua kwamba nusu yake hayana uhusiano na uwanja anaouandikia, na mengine yaliyoua watu kabisa hayamo.

Sentensi ya kwanza si ya kubuni, kwa kuwa ipo tayari katika Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, kinachosimamiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO). Ajali huhesabiwa tangu mtu wa kwanza anapopanda ndege kwa nia ya kusafiri hadi wote waliopanda wanaposhuka. Kifo huhesabiwa kama jeraha alilolipata mtu katika ajali limemuua ndani ya siku 30. Aliyekufa kwa ugonjwa wake mwenyewe, aliyejiua, aliyeuawa na mtu mwingine, au aliyejificha mahali pasipo pa abiria, kama kwenye shimo la magurudumu, hahesabiwi. Fundi anayepigwa na panga la injini wakati injini inajaribiwa, bila mtu yeyote kupanda kwa ajili ya safari, naye hayumo. Kama unaona vifo vya namna hiyo visisahaulike (nasi tunaona visisahaulike), viwekee jedwali la pili. Usivichanganye na vya kwanza.

Kanuni ya siku 30 ina uzito kuliko inavyoonekana. Tarehe 8 Januari 1989 Boeing 737-400 ya British Midland ilianguka kwenye ukingo wa barabara kuu ya M1 karibu na Kegworth, Uingereza, ikiwa hatua chache tu kabla ya kufika uwanja wa East Midlands. Watu 39 walikufa palepale, wengine 8 wakafia hospitalini. Anayenakili gazeti la asubuhi yake ataandika 39. Idadi sahihi ni 47 kati ya watu 126.

Ajali hiyohiyo inatupeleka kwenye sentensi ya pili. Ndege ile ilitoka Heathrow ikielekea Belfast, na East Midlands haikuwamo katika safari yake. Ilipata hitilafu katika injini moja, marubani wakazima ile nzima, kisha wakageuza kuelekea uwanja wa karibu. Ukitafuta kwa mahali ilipotoka na ilipokuwa ikienda tu, hutaipata kamwe. Kwa hiyo kila ajali ipe herufi ya uhusiano wake na uwanja. Sisi hutumia nne: K kwa ndege iliyokuwa ikiondoka, T kwa iliyokuwa ikija kutua, G kwa iliyogeuziwa njia, na U kwa ajali iliyotokea ardhini ndani ya uwanja. Ndege iliyojaribu kutua, ikashindwa na kupaa tena, bado ni T. Ndege aina ya Metro III iliyopinduka Cork, Ireland, tarehe 10 Februari 2011 na kuua watu 6 kati ya 12 ilikuwa katika jaribio la tatu la kutua kwenye ukungu, na udhibiti ulipotea marubani walipoanza kupaa tena. Kuiandika chini ya “kuondoka” kungekuwa kosa.

Weka pia umbali. Tunashauri kilomita 10 kutoka mwisho wa njia ya kurukia kwa orodha kuu. Mpaka huo ni wa kuamuliwa na mwandaaji, lakini ukishauweka usiupinde kwa ajili ya ajali moja mashuhuri. Cessna 208 iliyoondoka Kitale tarehe 5 Juni 2018 kwenda Nairobi ilianguka katika safu ya Aberdare na kuua wote 10. Hiyo ni ya safari iliyoanzia Kitale, si ajali ya uwanja wa Kitale, na mahali pake ni katika nyongeza. Ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, iliangukia nyumba huko Clarence Center, Marekani, takribani kilomita 9 kutoka uwanja wa Buffalo ilikokuwa ikienda kutua, kwa hiyo inaingia katika orodha kuu.

Kuna hali inayosumbua zaidi: mji wenye viwanja viwili. Uwanja mpya wa kimataifa wa Pokhara, Nepal, ulifunguliwa tarehe 1 Januari 2023. Wiki mbili baadaye, tarehe 15, ATR 72 ya Yeti Airlines ilianguka kwenye korongo la mto Seti, kati ya uwanja wa zamani na mpya, na kuua wote 72. Anayetafuta neno “Pokhara” peke yake atazichanganya ajali za miongo kadhaa ya uwanja wa zamani na hii ya mpya. Dawa yake ni alama ya herufi nne ya ICAO: VNPK kwa wa zamani, VNPR kwa mpya. Tafuta kwa alama hiyo kwanza, halafu kwa jina, halafu kwa majina ya zamani ya mji. Kwa Kongo hatua hii ya mwisho haiepukiki, kwa sababu magazeti ya wakati wa ukoloni hayana Kisangani wala Kalemie. Yana Stanleyville na Albertville.

Pa kutafutia

Anza na chombo cha uchunguzi cha nchi ambako ndege ilianguka, kwa maana ndicho chenye jukumu la kuchunguza: NTSB kwa Marekani, AAIB kwa Uingereza, BEA kwa Ufaransa, AAID kwa Kenya, na kitengo cha uchunguzi wa ajali za ndege chini ya wizara ya uchukuzi kwa Tanzania. Baada ya hapo angalia nchi ilikosajiliwa ndege na nchi ilikoundwa, kwa kuwa nazo hushiriki uchunguzi na mara nyingi hutunza nakala ya ripoti. Herufi za mwanzo za namba ya usajili zitakuelekeza: 5H ni Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda, 9Q Kongo, 9N Nepal. Hifadhidata za hiari kama Aviation Safety Network hufaa kwa kugundua ajali usizozijua. Zitumie kama dira, kisha ujaze safu zako kutoka kwenye ripoti yenyewe. Ripoti ukiipata, ipakue papo hapo, maana tovuti za serikali hupangwa upya na viungo hufa.

Ndege za jeshi zina njia yake. Kiambatisho cha 13 ni cha ndege za kiraia, hivyo ajali ya ndege ya jeshi huenda isiwe na ripoti yoyote ya wazi. Y-12 ya Jeshi la Anga la Kenya iliyogonga kilima karibu na Marsabit tarehe 10 Aprili 2006 iliua watu 14 kati ya 17, wakiwemo wabunge, na orodha ya Marsabit isiyokuwa nayo ni orodha pungufu. Iingize, weka alama kwamba ni ya jeshi, na safu ya sababu iache wazi kama huna hati rasmi.

Saa na tarehe

Msomaji wa Kiswahili ana mtego ambao wengine hawana: saa tatu tofauti kwa tukio moja. Ndege ya Precision Air, safari namba 494, ilianguka katika Ziwa Victoria ikikaribia uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022. Shahidi atasema ilikuwa saa tatu kasoro asubuhi. Taarifa ya kampuni hutumia saa 24, yaani kabla kidogo ya 09:00. Ripoti ya kiufundi hutumia UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, ambayo iko nyuma kwa saa tatu, yaani kabla kidogo ya 06:00. Ukiona “saa 2” ukaiandika 02:00, umehamisha ajali kutoka asubuhi hadi usiku wa manane, na yeyote atakayejaribu kuilinganisha na hali ya hewa atapata jibu la uongo. Tenga safu mbili, moja ya saa za mahali na nyingine ya UTC, zote kwa tarakimu nne.

Tarehe nayo huruka. Colgan Air 3407 ilianguka saa 22:17 za Buffalo, tarehe 12 Februari 2009. Kwa UTC ilikuwa 03:17 ya tarehe 13. Ndiyo sababu ajali moja huonekana mara mbili katika orodha zilizounganishwa ovyo. Ukikutana na ajali mbili za siku zinazofuatana zenye ndege ya aina moja, linganisha namba za usajili kabla ya kuamini kwamba ni mbili.

Kuhesabu watu

Hapa usiwe na haraka, kwa sababu kila tarakimu ni mtu. Fungua safu tano: waliokuwamo ndani, waliokufa ndani, walionusurika, waliokufa ardhini, jumla ya waliokufa. Kisha fanya jaribio moja kwa kila mstari: waliokufa ndani pamoja na walionusurika walingane na waliokuwamo. Wasipolingana, kuna chanzo kilichokosea.

Bukoba inaonyesha faida yake. Siku ile ilitangazwa kwamba waliokuwamo ni 43 na waliookolewa 26. Kisha waliokufa wakafika 19. Kumi na tisa na ishirini na sita ni 45, wawili zaidi ya waliopanda. Wale wawili hawakuwa abiria: walikuwa watu waliofikishwa hospitali baada ya kushiriki uokoaji. Walionusurika ni 24, na hesabu inakaa: 19 na 24 ni 43.

Safu ya waliokufa ardhini huachwa tupu mara nyingi kuliko inavyopaswa. Colgan iliua wote 49 waliokuwa ndani na mmoja ndani ya nyumba, jumla 50. Goma ni kinyume kabisa. Tarehe 15 Aprili 2008 DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kupaa, ikapita mwisho wa njia na kuingia kwenye mtaa wa soko, na wengi wa waliokufa walikuwa watu wa mtaani. Idadi zilizotajwa siku za mwanzo zilipishana sana. Katika hali kama hiyo andika kiwango cha chini na cha juu pamoja na chanzo cha kila kimoja. Kuchukua wastani ni kubuni idadi ambayo hakuna aliyewahi kuihesabu.

Ndege mbili zikigongana, ni ajali moja. Quincy, Illinois, ni uwanja wa mkoa usio na mnara wa kuongozea ndege. Tarehe 19 Novemba 1996 Beech 1900 iliyokuwa imetoka kutua iligongana na King Air iliyokuwa ikianza kupaa, pale njia mbili zinapokutana. Walikufa 12 katika moja na 2 katika nyingine. Mstari ni mmoja, vifo 14.

Sababu

Nakili sababu kama chombo cha uchunguzi kilivyoiandika, ukitenganisha sababu kuu na zilizochangia. Quincy inafundisha kwa nini. Sababu kuu ilikuwa marubani wa King Air kutofuatilia redio na kutoangalia vya kutosha. Lakini ndege ya tatu, Cherokee ndogo, ilijibu redioni maneno yakakatika, na wale wa Beech wakadhani wamejibiwa na King Air. Tena mlango wa Beech haukufunguka, na uwanja haukuwa na huduma ya zimamoto ya kutosha. Neno “uzembe” katika kisanduku kimoja linafuta yote hayo, na hasa yale ambayo uwanja wenyewe ungeweza kuyarekebisha. Ripoti za Kiambatisho cha 13 hazitafuti wa kulaumiwa, na safu yako nayo isimtafute.

Andika pia njia ya kurukia kwa namba na urefu wake siku ile, wala si wa leo. Lexington, Kentucky, tarehe 27 Agosti 2006, CRJ-100 ya Comair ilitakiwa kutumia njia namba 22 yenye mita zipatazo 2,130. Marubani wakaingia namba 26, yenye mita 1,070 hivi. Watu 49 walikufa, akapona rubani msaidizi peke yake. Njia ile fupi ilifungwa baadaye. Anayetazama ramani ya sasa haelewi kosa lilifanyikaje. Goma vilevile: lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia mwezi Januari 2002, na bila kulijua hilo ajali ya 2008 inasomeka nusu.

Orodha ikikamilika, usiigeuze kuwa kipimo cha hatari. Viwanja viwili vyenye ajali moja kila kimoja havilingani ikiwa kimoja kina safari 4 kwa siku na kingine 60. Weka juu ya jedwali idadi ya safari zinazopaa na kutua kwa mwaka ikiwa inapatikana, na usipoipata, usiwapangie viwanja nafasi.

Mwisho, kila mstari uwe na hali ya ripoti: ya awali, ya muda, au ya mwisho. Ya awali hutakiwa ndani ya siku 30, ya mwisho ndani ya miezi 12 ikiwezekana, na ikichelewa chombo hutakiwa kutoa taarifa ya muda kila siku ya kumbukumbu ya ajali. Ingiza tarehe hizo kwenye kalenda yako. Siku ikifika, fungua tovuti, linganisha, na ukibadilisha tarakimu andika pembeni ilikuwa ngapi na umeibadilisha lini.