Kagua viongezi vya kivinjari kabla hujaandika nywila

Wanajamvi, salaam. Juzi kwenye stesheneri yetu hapa Ngamiani, Tanga, nilikuta kompyuta moja ina viongezi 14, yaani vile viprogramu vinavyopachikwa kwenye kivinjari (Chrome, Firefox) kukiongezea kazi. Hakuna aliyekumbuka nani kaviweka. Na ndiyo hiyo vijana wanajazia maombi ya mkopo wa chuo!

1. Kwenye Chrome, andika chrome://extensions pale juu penye anwani. Firefox ni about:addons. Usichokijua, ondoa kabisa, usikizime tu.

2. Kilichobaki, fungua maelezo yake usome ruhusa. Hapa msiwe na haraka. Kiongezi chenye ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote kinaona ukurasa kama unavyouona wewe, pamoja na unachoandika kwenye fomu. Https (ile inayoficha data ikisafiri kwenda kwenye tovuti) haisaidii hapo: inalinda njiani, na kiongezi kiko ndani ya nyumba tayari. Kizuia matangazo kinaihitaji kweli ruhusa hiyo. Kikokotoo kinaitakia nini?

3. Humo humo kwenye maelezo, Chrome inakuruhusu kukibana kiongezi: kifanye kazi ukikibofya tu, au kwenye tovuti ulizozitaja. Mimi vyangu karibu vyote ni mpaka nibofye. Inachosha kidogo, nimezoea.

MASWALI

Mimi nachukua duka la Chrome lenyewe tu. Si wameshavikagua?

Wanakagua, kaka, lakini kiongezi hujisasisha chenyewe na mwenye kukimiliki anaweza kukiuza kwa mtu mwingine. The Great Suspender ilikuwa humo humo dukani, nzuri tu, inapumzisha tabo usizozitumia. Mwaka 2020 ikauzwa. Februari 2021 Google wakaizima kwa kukutwa na programu hasidi. Walioiweka zamani hawakubofya chochote kipya, mabadiliko yaliwafuata walipo.

Na kwenye simu?

Chrome ya Android haipokei viongezi. Firefox ya Android inapokea, kwa hiyo ikague vilevile.

Nikifungua dirisha la faragha (incognito) hapo kwenu stesheneri, inatosha?

Viongezi havifanyi kazi humo mpaka viruhusiwe, dada, kwa hiyo ni afadhali. Tatizo mwenye mashine anaweza kuwa ameshaviruhusu, na wewe usijue. Kama ni kuchapisha tu, fungulia barua pepe kwenye simu yako, unitumie hilo faili peke yake.