Somo: Stika za maji za kujitengenezea, kwa modeli ya matatu

Stika za maji ni zile unazochovya majini ili picha iteleze kutoka kwenye karatasi yake hadi kwenye modeli. Modeli ya Toyota HiAce ya kipimo cha 1:24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari halisi, ukiinunua, ndani ya boksi hukuti mstari wa njano, ruti wala jina la Sacco, yaani ushirika wa wenye matatu. Na hivyo ndivyo vinavyolifanya gari liwe matatu! Itabidi tuvichapishe wenyewe.

Kuchora. Anza na mstari. Sheria za Michuki, zile za magari ya abiria Kenya zilizopewa jina la waziri wa uchukuzi John Michuki na kuanza kutekelezwa Februari 2004, zilitaka mstari wa njano usiokatika, upana wa milimita 150. Gawanya kwa 24, unapata milimita 6.25. Chora kwa kipimo hicho kwenye kompyuta, uchapishe kwanza kwenye karatasi ya kawaida, ukate na kuushikiza ubavuni mwa gari uone unavyokaa. Karatasi ya stika ni ghali, usiifanyie majaribio.

Kuchagua karatasi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Printa zetu za kawaida hazina wino mweupe. Ukichapa njano kwenye karatasi ya stika inayoonyesha, yaani isiyo na rangi, kisha uibandike juu ya bodi ya bluu, utapata kijani kilichofifia. Juu ya nyeusi hutaona kitu. Kwa hiyo mstari, na maandishi yoyote ya rangi nyepesi, yachapwe kwenye karatasi nyeupe ya stika. Inayoonyesha ibaki kwa maandishi meusi juu ya bodi nyeupe. Ukingo wa karatasi nyeupe ukionekana baada ya kukata, upitishie kalamu ya rangi inayofanana na bodi.

Kufunga wino. Wino wa printa ya inkjet, ile ya wino wa majimaji, huyeyuka majini. Acha ukauke vizuri, kisha pulizia vanishi angavu mara mbili au tatu, nyepesi nyepesi, kila mkono ukauke kabla ya mwingine. Mkono mzito wa mara moja huuvuruga wino. Subiri hadi kesho yake.

Kubandika. Bodi iwe imepakwa vanishi inayong'aa na haina mafuta ya vidole. Kata stika karibu kabisa na picha kwa wembe mpya, maana utando mwembamba unaobeba picha umeenea karatasi nzima. Ichovye kwenye maji ya uvuguvugu kama nusu dakika, itoe kwa kibano, iweke kando mpaka uone inaanza kuteleza yenyewe. Usiibandue kwa kucha. Lowesha sehemu ya bodi, weka stika pamoja na karatasi yake, kisha isukume kwa brashi laini iteleze mahali pake. Fyonza maji kwa kitambaa, ukitoka katikati kwenda pembeni.

Mstari ukipita juu ya ufa wa mlango wa makanga, uache ukauke, kisha ukate kwa ncha ya wembe ukifuata ufa na uguse pale dawa ya kulainisha stika. Utajikunja na kutisha kidogo. Usiuguse, utajilaza wenyewe kadiri unavyokauka.

Mwisho, vanishi nyepesi juu ya gari zima.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, yangu imekauka lakini chini yake kuna weupe unaong'aa kama bati. Nimekosea wapi?*

Hiyo ni hewa iliyonaswa, ndugu yangu. Mara nyingi rangi ya chini huwa haing'ai, ina vinyweleo. Toboa kwa sindano nyembamba, weka tone la dawa ya kulainisha, bonyeza taratibu kwa kitambaa chenye unyevu.

*Dawa ya kulainisha sijaipata huku. Siki inafaa?*

Siki nyeupe iliyochanganywa na maji husaidia stika kushika, dada, ila hailainishi sana kwenye mikunjo. Ijaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki.

*Sina printa. Naweza kupeleka karatasi yangu saiba, duka la intaneti, wanichapie?*

Unaweza, lakini uliza kwanza mashine yao ni ya aina gani. Leza huchapa kwa joto kali. Karatasi ya inkjet inaweza kuyeyuka ndani na kuganda kwenye rola, nawe ukadaiwa mashine ya watu. Kama wana leza, nunua karatasi iliyoandikwa kuwa ni ya leza. Faida yake ni kwamba unga wa leza hauyeyuki majini, ingawa mimi bado huupulizia vanishi mkono mmoja usikwaruzike.